Moraa wa Kitutu na Masharti ya Riwaya ya Kihistoria

Riwaya ya kihistoria inayomchukua mwanamke aliyeishi kweli, ikamfanya mwanzilishi wa maisha mapya katika nchi ngeni, ni utanzu ulioota mizizi Kenya mapema kuliko wahakiki wengi wa Kiswahili wanavyokubali. Mfano wake ulio wazi ni The Flame Trees of Thika ya Elspeth Huxley (1959). Tilly wa kitabu hicho ni Nellie Grant, mamake mwandishi, aliyevishwa jina jingine. Kitabu husomwa kama kumbukumbu za utotoni, lakini mbinu zake ni za kiriwaya kabisa: mazungumzo yameundwa, majina yamebadilishwa, matukio yamepangwa ili yajenge hamu na kilele. Katika kitabu hicho, kama katika vingi vya aina yake, shujaa wa kike hupimwa kwa ustahimilivu wake mbele ya vumbi, mchwa, magonjwa na upweke. Ardhi huanza kuwa na historia siku anapowasili yeye. Watu waliokuwapo kabla yake huingia hadithini kama sehemu ya mandhari, na wakati mwingine kama kichekesho, hata pale mwandishi anapowapenda.

Swali linalochunguzwa hapa ni hili: mwanamke aliyesimama upande wa pili wa mpaka huo, yaani yule aliyekutwa nyumbani kwake, aandikweje? Je, utanzu huu unaweza kupinduliwa tu, mgeni akatolewa na mwenyeji akawekwa mahali pake, au masharti yake ya ndani yatambana shujaa huyo mpya jinsi yalivyombana yule wa zamani? Mfano utakaotumika ni Moraa Ng'iti wa Kitutu, katika nchi ya Abagusii. Moraa amebaki zaidi katika masimulizi, katika vitabu vya historia na katika michezo ya jukwaani kuliko katika riwaya. Kwa hiyo uhakiki huu unahusu maumbo ambayo hadithi yake imekwisha kuyapata, na vikwazo vinavyomngoja mwandishi atakayeyarithi.

Kabla ya kufika Kitutu, inafaa kutazama Marekani kidogo, kwa kuwa huko ndiko utanzu huu ulikokomaa. Mwaka 1902 Eva Emery Dye alichapisha The Conquest, riwaya iliyomwinua Sacagawea, mwanamke wa Kishoshone aliyefuatana na msafara wa Lewis na Clark. Shajara za wasafiri hao humtaja hapa na pale, kwa maneno machache. Dye alizichukua sentensi hizo zilizotawanyika akatengeneza kiongozi wa njia, mama wa taifa. Mwaka 1905 sanamu ya Sacagawea ilizinduliwa mjini Portland, na waliochangia kuisimamisha walikuwa wanawake wazungu waliokuwa wakipigania haki ya kupiga kura. Walihitaji shujaa wa kike, nao wakampata katika mwanamke ambaye watu wake walikuwa wamekwisha kunyang'anywa nchi. Jambo la kuzingatia ni sifa iliyompatia heshima hiyo, nayo ni kwamba alionyesha njia. Utanzu wa mwanamke wa mpakani unaweza kumpokea mwenyeji na hata kumtukuza, ilmradi amfungulie mgeni mlango.

Mwaka huohuo wa 1905 ndipo serikali ya kikoloni ilipotuma kikosi dhidi ya Abagusii wa Kitutu, na mikuki ikakutana na bunduki ya rashasha. Mwaka 1907 Waingereza walifungua kituo chao mahali panapoitwa leo mji wa Kisii. Msimamizi wake alikuwa G. A. S. Northcote, ambaye wenyeji walilitamka jina lake Nyarigoti. Mwezi Januari 1908 kijana aliyeitwa Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki. Northcote alijeruhiwa lakini akapona. Kisasi kilichofuata kilikuwa kikali kiasi kwamba Winston Churchill, Naibu Waziri wa Makoloni wakati huo, alilalamika kutoka London juu ya wingi wa watu waliokuwa wakiuawa. Otenyo alikamatwa akauawa, na mapokeo ya Abagusii yanashikilia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Northcote aliishi hadi akawa gavana wa Hong Kong, na chuo cha ualimu cha huko kikaitwa kwa jina lake. Anayetafuta kejeli ya historia hana haja ya kuibuni.

Nyuma ya mkuki huo yuko Moraa. Masimulizi ya Kitutu, nchi inayojumuisha Marani na vilima vinavyoizunguka, yanamtaja kuwa mwaguzi na mtu wa dawa aliyewapinga wageni waziwazi, akawakemea wanaume waliosita, kisha akamwandaa Otenyo kwa dawa ya kumkinga. Simulizi moja humwita Otenyo mwanawe wa kulea, nyingine humfanya mpwa wake. Mwandishi wa riwaya hawezi kuikwepa tofauti hiyo. Mama anayemtuma mwanawe wa kulea kufa na shangazi anayemtia moyo mwana wa ndugu yake ni wahusika wawili tofauti, wenye hatia tofauti na kilio tofauti. Hata jina lenyewe lina mtego. Katika baadhi ya maandishi yeye ni Moraa moka Ng'iti, na neno moka katika Ekegusii huashiria mke wa mtu fulani. Msomaji wa Kiswahili anayekutana na "Moraa Ng'iti" hudhani kwa urahisi kwamba Ng'iti ni baba.

Kiini cha hadithi, kama inavyosimuliwa mara nyingi, ni matusi. Moraa anawaambia wanaume kwamba ikiwa wameogopa kupigana, basi wageuke wanawake, na wanawake watashika silaha. Tamko hili ndilo linalorudiwa shuleni na majukwaani, na ndilo linalomfanya akumbukwe. Lakini msomi wa fasihi simulizi hawezi kulipita bila kusita. Tamko la namna hiyohiyo lilitolewa, kwa mujibu wa mapokeo, na Yaa Asantewaa huko Asante mwaka 1900. Lilitolewa na Mary Muthoni Nyanjiru mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi mwezi Machi 1922, siku umati ulipodai Harry Thuku aachiliwe. Nyanjiru aliinua nguo yake, akawaambia wanaume wachukue vazi lake wampe suruali zao, na muda mfupi baadaye akapigwa risasi. Kwa maneno mengine, hapa pana kitu kinachofanana na fomula, kipande cha maneno kinachosafiri kutoka shujaa mmoja hadi mwingine.

Mtu mwenye haraka atasema kwamba basi ni ngano, halikutokea. Hilo ni kosa. Fomula ya masimulizi inaweza pia kuwa fomula ya maisha. Katika jamii ambamo baraza la vita ni la wanaume, mwanamke anayetaka kulitikisa ana silaha chache za maneno, na kuukana uanaume wa wasikilizaji ndiyo kali kuliko zote. Inawezekana kabisa kwamba wanawake watatu katika nchi tatu waliifikia silaha ileile kwa sababu waliwekwa mahali palepale. Kinachomhusu mhakiki ni matokeo ya kisanaa. Matusi hayo yana nguvu kwa sababu yanakubali kwamba kuwa mwanamke ni aibu. Moraa anawachochea wanaume kwa kuukopa mfumo unaomdunisha yeye mwenyewe. Mwandishi anayeliweka tamko hili kwenye kilele cha kazi yake, bila kuonyesha gharama yake kwa anayelitamka, atakuwa ameandika tena sifa ya uanaume, safari hii kwa sauti ya kike.

Tatizo hili si la Moraa peke yake. Tamthilia ya kihistoria ya Kiswahili imejengwa juu ya mwanamume anayeona mbali: Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, Mukwava wa Uhehe (1979) ya M. M. Mulokozi, na Mzalendo Kimathi (1978), tafsiri ya kazi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Katika hiyo ya mwisho Mwanamke ni mhusika mwenye akili kuliko wengi jukwaani. Yeye ndiye anayebeba bastola iliyofichwa katika mkate, na ndiye anayewafundisha vijana. Lakini hana jina. Waandishi walikuwa na sababu yao ya kiitikadi, kwamba yeye awe wanawake wote wa msituni. Hata hivyo, Kimathi naye ni ishara ya watu wote, na hakunyang'anywa jina kwa sababu hiyo. Mkomanile wa Ungoni, aliyekuwa na madaraka katika nchi yake na aliyenyongwa Songea mwaka 1906 pamoja na wanaume wa vita vya Majimaji, angestahili tamthilia nzima. Jina lake linajulikana kwa wanahistoria kuliko kwa wasomaji wa fasihi.

Kinjeketile ndiyo kazi inayomfaa zaidi mwandishi wa Moraa kuisoma upya, kwa sababu mbili tofauti. Hussein mwenyewe aliweka wazi katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe wa ubunifu, si nakala ya yule wa historia. Uhuru huo aliutumia kwa uangalifu. Hakuongeza matendo ya ajabu. Alichoongeza ni shaka. Kinjeketile wake anatoa dawa, kisha anaanza kuogopa jinsi watu wanavyoielewa dawa hiyo, na mwishoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa amekwisha kuona maiti. Hapo ndipo historia inapogeuka sanaa. Moraa naye alitoa dawa. Otenyo alitoka na kinga hiyo, akafanya tendo alilotumwa, na tendo hilo halikumwua mlengwa bali liliwaletea Abagusii moto, vifo na kunyang'anywa ng'ombe. Moraa aliyabeba vipi hayo? Masimulizi yanayosikika zaidi hunyamaza hapa. Yanamaliza kwa kifo cha Otenyo, kana kwamba mwanamke huyo aliyeyusha mwili siku kijana alipofungwa. Kama riwaya ina kazi yoyote ambayo masimulizi hayajaifanya, basi ni kuanzia pale yanaponyamaza: katika miezi ya baada ya msafara wa adhabu, nyumba zimeteketezwa, na wajane wa Kitutu wakijua ni nani aliyesema vita viwepo.

Sababu ya pili ni wanawake wa tamthilia hiyo wenyewe. Onyesho la kwanza linawapa nafasi wake wa Kinjeketile na Kitunda, wanaozungumza habari za njaa na za waume waliosukumwa kwenye mashamba ya Mjerumani. Mazungumzo yao ni ya chini, ya nyumbani, na yanaeleza chanzo cha vita vizuri kuliko hotuba yoyote itakayofuata. Kisha tamthilia inawaacha. Mwandishi wa Moraa angejifunza mengi kwa kuuliza nini kingetokea kama wangebaki.

Linabaki suala la lugha, ambalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Moraa alikuwa nani kwa neno moja? Ekegusii kinatofautisha kwa makini. Omoragori ni mwaguzi, mtu wa kufichua kilichofichika na kueleza ni mizimu ipi inayodai nini. Wataalamu walioishi Gusii katikati ya karne ya 20, kama Robert na Barbara LeVine (1966), waliona kwamba kazi hiyo ilikuwa hasa ya wanawake. Omonyamosira ni mtaalamu wa kupambana na uchawi. Omorogi ni mchawi mwenyewe, adui wa watu. Maofisa wa kikoloni hawakuwa na subira na tofauti hizo. Kwao yeyote mwenye dawa na wafuasi alikuwa mchawi au laghai, na jina hilo liliwasaidia kuigeuza siasa kuwa ushirikina. Ukimwita adui yako mchawi, huna haja ya kujibu hoja yake kuhusu kodi wala ng'ombe.

Kiswahili kinampa mwandishi maneno mengi: mganga, mwaguzi, mpiga ramli, mtabiri, nabii. Hakuna hata moja lililo safi. Mganga ni pana mno, na katika matumizi ya mijini limepoteza heshima. Mpiga ramli linaleta mchanga na vitabu vya falaki vya pwani, visivyohusiana na Kitutu. Nabii limepita kanisani na msikitini, nalo humpa mtu heshima kwa kumkata kutoka katika dini ya wazee wake. Mwaguzi ndilo lililo karibu, ingawa wasomaji wengi wa bara hawalitumii. Pengine suluhisho ni kulibakiza omoragori lenyewe, likajieleza kwa matendo ya mhusika, bila tanbihi wala mabano. Jambo lisilosameheka ni uzembe wa kuchanganya, ambapo mwandishi katika ukurasa mmoja anamwita Moraa mganga, na katika mwingine anamtia askari kinywani neno mchawi, kisha msimulizi mwenyewe analiazima neno hilo kwa ajili ya kuongeza msisimko.

Hoja hii haiishii katika umaridadi wa tafsiri. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowatuhumu kwa uchawi. Mauaji ya namna hiyo yaliikumba Gusii kwa wingi katika miaka ya mwanzo ya 1990, na Justus Ogembo (2006) ameyachunguza kwa kina. Hivyo, katika nchi ileile ambamo Moraa anasifiwa kwa dawa zake katika sherehe za mashujaa, mwanamke mzee anayeishi peke yake anaweza kuuawa kwa kudhaniwa kuwa na dawa. Fasihi haikusababisha vifo hivyo, na ingekuwa upuuzi kudai kwamba riwaya moja ingevizuia. Lakini picha ya bikizee mwenye nguvu za gizani, anayenong'ona usiku juu ya moto huku macho yakiwaka, ni picha ambayo waandishi wetu huitumia kwa urahisi mno, na mara nyingi kwa nia njema, ili kumpa shujaa wao haiba. Riwaya ya Moraa itakayosomwa darasani Marani itasomwa na watoto waliosikia mengine kuhusu bibi wenye dawa. Mwandishi hana budi kujua anawaambia nini. Kuonyesha uaguzi kama kazi yenye mafunzo, malipo, wateja na makosa yake, kazi inayofanywa mchana mbele za watu, ni uhalisia. Na katika muktadha huu uhalisia una uzito ambao haiba haina.

Kuhusu mazungumzo, tatizo dogo linaonyesha ukubwa wa lile kubwa. Mtoto wa Kigusii humwita mamake "baba", na babake "tata". Otenyo, akiwa mwana wa kulea, angemwita Moraa kwa neno ambalo kwa Mswahili ni la mzazi wa kiume. Mwandishi akiandika "mama", amefasiri sawasawa na kupoteza sauti ya nyumba. Akiandika "baba", ameipata sauti na kumkanganya msomaji katika ukurasa ule ambao uanaume na uanamke ndio mada yenyewe. Hata hivyo kanganyiko hilo lina faida yake. Baada ya tamko la kugeuza wanaume kuwa wanawake, kumsikia kijana akimjibu mwanamke huyo "Ee, baba" kungemlazimisha msomaji asimame.

Lipo tukio moja la kweli litakalomtia majaribuni kila mwandishi wa hadithi hii. Mwezi Oktoba 1913, Mekatilili wa Menza, aliyekuwa amewalisha Wagiriama kiapo cha kuukataa utawala wa Waingereza, alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Walihamishwa mbali na pwani, na mahali walipopelekwa ni Kisii. Ulikuwa mwaka uleule ambao Huxley anawaweka Tilly na mumewe kwenye mkokoteni wa maksai kuelekea Thika. Mwezi Januari 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka, wakatembea zaidi ya kilomita 600 hadi kwao, wakakamatwa tena mwezi Agosti. Cynthia Brantley (1981) ameieleza historia hiyo, na safari yenyewe inapita kwa mbali safari nyingi za mikokoteni ambazo fasihi ya mpakani imezitukuza.

Kwa hiyo, miaka mitano tu baada ya mkuki wa Otenyo, mwanamke aliyeongoza upinzani wa Wagiriama alifungwa katika boma lililosimamishwa ili kuwatawala watu wa Moraa. Mwandishi atatamani kuwakutanisha. Kishawishi hicho si kibaya kwa asili yake. Hussein alijichukulia uhuru mkubwa kuliko huo. Ubaya upo katika namna ambayo mkutano wa aina hiyo huandikwa kwa kawaida, ambapo mashujaa wawili wanatazamana, wanaelewana mara moja, na kila mmoja anatoa hotuba inayofanana na ya mwenzake. Kigiriama na Ekegusii ni lugha zilizo mbali sana hata kama zote ni za Kibantu. Mmoja aliona dhamana ya nchi katika kiapo na kaya za wazee wa Kigiriama, mwingine katika uaguzi na dawa. Mwaka 1913 wala hakukuwa na Kenya ya wao kuwa wananchi wake pamoja. Wangekutana, wangehitaji mtu wa tatu kati yao. Katika boma la Kisii la wakati huo mtu huyo angekuwa askari au karani wa serikali, na lugha ambayo angewafasiria, lugha ya amri za kodi na za kazi ya lazima, ndiyo hii ambayo riwaya yenyewe ingeandikwa. Onyesho hilo lina haki ya kuwapo pale tu mkalimani anaposimama ndani yake, akisikika, akikosea, na akichagua nini cha kuacha.